Picha ya Rangi Hufa Hata Gizani

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wapiga picha wa studio, wakutubi na familia zilizokuja na albamu zao.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia, mama zangu, wapiga picha wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma kule: hamjambo, na asanteni sana kwa kuja.

Nianze na jambo ambalo kila mwenye albamu ya zamani ameliona, hata kama hajapata kujiuliza sababu yake. Chukueni picha ya harusi ya babu na bibi, tuseme ya mwaka 1958, nyeusi na nyeupe. Pembe zimekunjika, labda ina doa la chai, lakini nyuso zipo, macho yapo, hata ukili wa mkeka waliokalia unaonekana. Halafu chukueni ya harusi ya mtoto wao, ya mwaka 1978, iliyopigwa kwa rangi na kwa gharama kubwa zaidi. Imekuwa nyekundu yote. Anga nyekundu, makuti ya mnazi yana rangi ya kutu, koti jeusi la bwana harusi limekuwa la hudhurungi. Ya zamani ndiyo nzima. Iliyokuja miaka ishirini baadaye ndiyo inayotuponyoka.

Na hiyo ya 1978 haikuanikwa juani. Ilikuwa ndani ya albamu, albamu ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda. Mama aliitunza kuliko vyombo vyake vya kabatini. Sasa imekuwaje?

Watu wengi tumekua tukiamini kwamba adui wa picha ni jua. Jua ni adui kweli, na nitalifikia. Lakini nililokuja kuwaambieni leo ni kwamba picha ya rangi hufa hata gizani, na kinachoiua humo gizani ni joto pamoja na unyevu. Kwa hiyo kinga yake ya kwanza ni baridi na ukavu. Albamu nzuri, bahasha nzuri, skana nzuri, vyote hivyo vina kazi yake, lakini vinakuja baada ya baridi.

Nieleze kidogo inavyokuwa, maana mtu akiijua sababu hatahitaji kukariri masharti.

Picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa fedha. Nasema fedha yenyewe, madini, punje ndogo mno zilizotandazwa ndani ya utando wa jelatini. Fedha iliyosafishwa na kusuuzwa vizuri hukaa zaidi ya karne. Ndiyo maana ukienda Mji Mkongwe, Zanzibar, pale Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unaziona picha za mji ule wa zamani zikiwa na weusi wake na weupe wake, katika hewa hiyohiyo ya pwani tunayoivuta hapa.

Picha ya rangi nayo huanza na fedha. Ndani ya filamu mna tabaka kuu tatu: moja hunasa mwanga wa buluu, moja wa kijani, moja mwekundu. Filamu inapokuwa kwenye dawa, kila penye punje ya fedha iliyopata mwanga huzuka kiwingu kidogo cha rangi. Rangi hizo ni tatu tu: manjano, majenta ambayo ni waridi iliyokolea, na sayani, ile buluu inayoelekea kijani. Halafu mliofanya kazi na dawa za C-41, zile za kusafishia filamu za rangi, mnakumbuka kinachofuata: blichi, fiksa. Hatua hizo mbili huiondoa fedha yote. Kinachobaki kwenye negativu, yaani filamu ambayo picha za karatasi huchapwa kutokana nayo, na kwenye karatasi yenyewe, ni rangi tupu, kemikali laini zinazovunjika zenyewe polepole, na kila joto linapopanda zinavunjika haraka zaidi.

Sasa, rangi hizi tatu haziondoki pamoja. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya sabini, gizani sayani ndiyo iliyotangulia kwenda. Ukiiondoa sayani, majenta na manjano zinazobaki huchanganyika zikawa wekundu. Ndiyo ile harusi ya 1978. Picha iliyotundikwa ukutani mkabala na dirisha huwa na habari nyingine: mwanga huitafuna zaidi majenta, na picha hupauka ikaelekea ukijani au ubuluu. Kwa hiyo mkifika nyumbani, ziangalieni picha zenu kwa jicho hilo. Iliyowiva nyekundu imeuawa na joto la sanduku. Iliyopauka imeuawa na mwanga wa sebuleni. Zote mbili bado zina kitu cha kuokolewa, lakini si zote mbili kwa njia moja.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni, "Lakini sura si bado naiona, mwanangu? Rangi ina nini?" Ni swali la haki. Nimjibu mbele yenu. Mama, rangi ni habari. Kwenye picha ya harusi ya pwani bibi harusi amejifunga kisutu, na kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Sayani ikishakwenda, weusi wenyewe unakuwa na wekundu, weupe unakuwa na uwaridi, na kanga nyingine zote za mashangazi waliokaa nyuma, za buluu, za kijani, zinafanana na kisutu. Mjukuu akikuuliza siku ile mlivaa sare ya rangi gani, picha itamdanganya. Rangi ya jahazi la babu, rangi ya milango ya mtaa kabla haujavunjwa, sare za shule iliyobadilishwa jina: hayo yote yamo kwenye tabaka tatu nyembamba kuliko unywele, na hayamo mahali pengine popote.

Ndugu zangu, jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Filamu ya kwanza ya rangi iliyoenea duniani kwa mafanikio makubwa, Kodachrome, ilitoka mwaka 1935, na waliobuni namna yake walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Mwaka 1942 ikaja Kodacolor, negativu ya rangi kwa ajili ya picha za karatasi, na hapo watu wa kawaida kule Marekani wakaanza kuwapiga watoto wao picha za rangi. Mtafiti Henry Wilhelm, ambaye kwa miongo mingi amechunguza udumu wa picha za rangi, amezitaja picha za karatasi za Kodacolor za kuanzia 1942 hadi 1953 kuwa ni kizazi kilichopotea chote: zimechafuka manjano na kufifia, ziwe ziliwekwa kwa mwanga au kwa giza. Familia za nchi tajiri, zenye viwanda vya filamu mtaani kwao, nazo zililia kama tunavyolia.

Kodachrome nayo ina habari ya pekee. Rangi zake hazikuwemo ndani ya filamu tangu kiwandani. Ziliingizwa wakati wa kusafisha, kwa utaratibu mgumu ambao dakrumu ya kawaida, chumba cha giza cha kusafishia picha, isingeuweza. Kwa sababu hiyo hazikuachwa humo kemikali za kuja kuchafuka baadaye, na slaidi zake, zile picha za filamu za kuonyeshwa ukutani kwa projekta, zikiwekwa gizani hudumu ajabu. Ndiyo maana slaidi walizopiga wamisionari na walimu wa kigeni waliopita nchi hizi miaka ya hamsini na sitini, zilizoko leo kwenye madari ya nyumba za Ulaya, mara nyingi zina rangi safi, wakati picha tulizojipigia wenyewe miaka ishirini baadaye zimegeuka kutu. Hilo huniuma, nasema kweli. Rangi za masoko yetu na sherehe zetu zimebaki kwenye jicho la mgeni. Filamu hiyo ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ilifunga mapokezi tarehe 30 Desemba 2010. Mwenye slaidi za Kodachrome nyumbani asizionyeshe kwa projekta: zinavumilia giza, ila taa ya projekta huzifuta upesi kuliko slaidi za aina nyingine. Zipigeni nakala, kisha onyesheni nakala.

Hata watengenezaji wa sinema walishtuka. Mwaka 1980 mwongozaji wa sinema Martin Scorsese aliongoza kampeni dhidi ya filamu za rangi zilizokuwa zikififia ndani ya miaka michache, na watu wengi wa kazi hiyo wakaweka saini. Lakini tazameni studio kubwa za Hollywood zilikuwa zikifanya nini kulinda filamu zao za thamani zaidi. Zilichukua sinema ya rangi zikaichapa mara tatu kwenye filamu nyeusi na nyeupe: mkanda mmoja wa manjano, mmoja wa majenta, mmoja wa sayani. Rangi ikageuzwa fedha. Siku rangi ya asili ikifa, mikanda hiyo mitatu huunganishwa, na rangi hurudi. Hayo ni mambo ya kampuni zenye mabilioni, sisi hatuna haja ya kuyaiga. Nimeyataja mjue kwamba wenye filamu hizo wenyewe hawakuiamini rangi kukaa.

Nirudi kwetu, kwenye joto.

Kuna taasisi iliyoko Rochester, Marekani, inaitwa Image Permanence Institute, ambayo kazi yake ni kuchunguza picha zinavyozeeka. Waliangalia pia plastiki inayobeba filamu. Negativu nyingi za rangi mlizo nazo, zile vipande vya picha nne nne au sita sita zenye rangi ya chungwa, zimetandazwa juu ya plastiki iitwayo asetati, inayotokana na selulosi ya mimea. Asetati ikipata joto na unyevu hujitoa asidi, na asidi hiyo ni ileile iliyomo ndani ya siki. Ukifungua kopo la biskuti lenye negativu ukakutana na harufu ya achari, jua kwamba zimeanza. Baada ya harufu zitajikunja, zitasinyaa, utando wa picha utajikunyata juu ya plastiki kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na hapo hakuna skana itakayoinyoosha. Na asidi ikishaanza hujichochea yenyewe, na mvuke wake huambukiza negativu za jirani.

Taasisi hiyo ilikadiria kwamba filamu mpya ya asetati ikikaa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50, itachukua kama miaka 40 kabla ya siki kuanza. Wazee wangu, nani hapa Tanga ana sanduku linalokaa kwenye nyuzi 21? Chumba chetu cha kulala mchana wa Februari ni nyuzi 30 na zaidi, chini ya bati zaidi ya hapo, na unyevu wa pwani hupita asilimia 70 bila shida. Unyevu ukivuka asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu nao unapata ruhusa ya kuota, maana jelatini ni chakula chake. Imetoka kwenye mifupa na ngozi za wanyama. Kwa hiyo miaka 40 hiyo kwetu si 40. Na filamu ya mwaka 1978 imekwisha ivuka hata hiyo.

Sasa geuzeni hesabu, maana ndipo penye matumaini. Kwa makadirio ya jumla, kila ukishusha joto nyuzi tano au sita, kasi ya kuharibika hupungua karibu nusu. Shusha kutoka nyuzi 30 za chumbani hadi nyuzi 4 za friji, umeigawa nusu mara nne na zaidi. Viwango vya kimataifa vya kuhifadhi filamu za rangi kwa muda mrefu vinataka nyuzi 2 kama unyevu ni kati ya asilimia 20 na 30, au kasoro 3, yaani nyuzi tatu chini ya sifuri, kama unyevu haupiti 40, au kasoro 10 kama haupiti 50. Filamu asilia za safari za Apollo za kwenda mwezini zimewekwa na NASA huko Houston kwenye friza ya kasoro 18. Mkusanyiko mashuhuri wa picha wa Bettmann ulihamishiwa kwenye mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Pennsylvania, chini kabisa ya ardhi, ukawekewa baridi ya kasoro 20.

Na friza ya nyumbani, ile ya kuwekea samaki na barafu za kuuza, ni kasoro 18. Ni baridi ileile ya Apollo. Naomba hilo mlichukue muondoke nalo. Baridi inayolinda picha za mwezini inauzwa dukani barabara ya pili, na wengi wenu mnayo jikoni.

Lakini msikimbilie kwenda kutupa negativu ndani ya friza. Ndani ya friji na friza kuna maji, na baridi bila ukavu itakuletea ukungu na barafu juu ya picha. Nitaonyesha hapa mezani, walio nyuma sogeeni.

Hii ni bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Kabla sijaweka negativu ndani, ninaandika juu yake kwa penseli laini: jina la ukoo, mahali, mwaka au makadirio yake, na aliyepiga. Ninaandika bahasha ikiwa tupu, maana ukiandika juu ya negativu iliyomo, mkandamizo wa penseli utatokea kwenye picha. Negativu naishika pembeni tu, kwa glavu. Jasho la kidole lina chumvi na mafuta, na alama yake huonekana miaka kumi baadaye. Vumbi nalitoa kwa brashi laini. Sipulizi kwa mdomo, situmii spiriti wala petroli.

Kabla ya kufunga, bahasha hizi zilikaa siku mbili ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa, na karatasi na jelatini hutoa unyevu wake taratibu. Msifunge picha siku ya mvua ya masika halafu mkasema mmehifadhi. Mtakuwa mmefungia masika ndani ya mfuko. Baada ya hapo bahasha zinaingia kwenye boksi dogo la kadi, boksi kwenye mfuko mzito wa friza wenye zipu, hewa inakamuliwa, zipu inafungwa. Nje ya mfuko huo naweka kipande cha kadi nene iliyokauka vizuri. Kisha mfuko wa pili, mkubwa zaidi, juu ya vyote. Kadi hiyo ya katikati ndiyo mlinzi: unyevu ukipenya mfuko wa nje, unanywewa na kadi kabla haujafika kwenye picha. Na kadi hii ndogo yenye vidoa ni kipima unyevu. Inabadilika rangi hewa ya ndani ikizidi kiwango, nami naisoma kupitia plastiki bila kufungua. Ikibadilika, natoa kadi nene, naikausha au naweka nyingine. Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, mnaweza kuvitumia wakati wa kukausha, lakini kwa kiasi. Jelatini iliyokaushwa kupita kiasi hujikunja na kupasuka.

Siku ya kutoa, usifungue. Mfuko ukae umefungwa mpaka upate joto la chumba, na mimi huuacha usiku kucha. Ukiufungua ukiwa baridi, hewa ya Tanga itageuka maji juu ya negativu zako mbele ya macho yako, kama soda iliyotoka friji inavyotoa jasho.

Hapo mzee mmoja aliinua mkono akauliza kuhusu umeme. Naandika jibu langu hapa kwa urefu kidogo kuliko nilivyolisema, kwa sababu nadhani wengi walikuwa na swali hilohilo. Mzee wangu, umeme ukikatika saa chache au siku nzima, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu, na picha iliyofungwa mara mbili haidhuriki kwa kupata joto na kurudi baridini mara mojamoja. Kinachoumiza ni maji, na maji hayaingii. Lakini ukijua unasafiri na friji itazimwa, toa mifuko, maana friji iliyozimwa na kufungwa ni shamba la ukungu. Kama huna friza, weka kwenye friji ya kawaida. Kama huna friji, mpe ndugu mwenye nayo. Kama hayupo, basi chumba kilicho baridi kuliko vyote, sakafu ya chini badala ya juu kabatini, mbali na ukuta wa jikoni, mbali na bati. Kila nyuzi mbili ulizopunguza ni miaka uliyoongeza.

Vipo vitu visivyoingia friza: negativu za kioo za zamani, picha za papo kwa papo za Polaroid, kanda za video na kaseti. Na kwenye makasha ya studio za zamani angalieni filamu za kabla ya 1951 zisizoandikwa SAFETY kwenye ukingo, zilizo nata na zilizogeuka kahawia. Huenda ni naitreti, plastiki ya filamu za zamani. Hizo ni kitu cha hatari, hushika moto kwa urahisi na moto wake hauzimiki kwa maji. Zitengeni, ziwekeni nje ya nyumba mahali penye hewa na baridi, mtafute mtaalamu wa nyaraka.

Sasa nina ombi zito kwa wenye maduka ya steshenari, na kwa sisi wateja wao. Tuache kupigia picha za zamani lamineshini. Najua inafanywa kwa mapenzi. Mtu ana picha moja tu ya marehemu baba yake, anaona inachakaa, anaipeleka ikafungwe kwenye plastiki ya moto idumu milele. Mashine ile huichoma kwa joto kali na gundi hushikana na utando wa picha, na hakuna mtu ninayemfahamu anayeweza kuitenganisha tena bila kuua picha. Rangi inaendelea kufifia humohumo ndani, sasa ikiwa haiwezi kutibiwa. Mwenye duka akiletewa picha ya zamani, aseme, "Mama, hii tukuchapie nakala, nakala ndiyo tuipigie lamineshini." Atapata kazi mbili, na picha itapona.

Albamu zile za kurasa za kunata zenye plastiki juu, zilizojaa majumbani miaka ya sabini na themanini, nazo ni mbaya: gundi yake inageuka manjano na kupenya nyuma ya picha. Kama picha inatoka kwa hiari, itoe kwa kupitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini yake. Ikigoma, usiivute. Ipige picha ikiwa humo humo. Plastiki laini yenye harufu ya kitu kipya, PVC, isiguse picha. Plastiki salama ni poliesta, polipropilini na polithini. Selotepu, raba bendi, pini, kalamu ya wino mgongoni: hapana. Naftalini nayo iacheni kwa nguo.

Na iliyogandamana na kioo cha fremu? Hii pwani tunaiona sana. Jelatini ilivimba kwa unyevu, ikakauka ikiwa imeshika kioo. Msiibandue, msiiloweke. Ondoeni fremu, safisheni kioo upande wa nje, iwekeni na kioo chake kwenye skana au chini ya kamera. Mtaipata karibu yote.

Hilo linanileta kwenye nakala za kidijitali, na nitakuwa mfupi kwa sababu vijana wanalijua kuliko mimi. Kwa negativu za kawaida za milimita 35, skani kwa nukta 4000 kwa inchi, au tumia kamera yenye lenzi ya kupiga karibu juu ya meza ya mwanga. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, si JPEG peke yake. Acheni ukingo wa filamu uonekane, kwa sababu pale pameandikwa jina la filamu na namba za picha, na siku moja zitasaidia kujua mwaka na mpangilio. Nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine au mji mwingine. WhatsApp si ghala. Picha ikipita mle hubanwa na kupunguzwa, na inayobaki kwenye kundi la familia ni kivuli chake. Ikibidi, itumeni kama dokumenti.

Programu za leo zinaweza kurudisha sayani iliyopungua, mradi imebaki hata kidogo. Pasipobaki kitu, programu inabuni. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wanaleta picha za bibi zilizopakwa rangi na kompyuta, nzuri za kupendeza, na kanga ya bibi imepewa rangi ambayo hakuwahi kuivaa. Fanyeni kwa furaha yenu, lakini andikeni kwenye faili kwamba rangi imekisiwa, na ile nyekundu ya asili msiifute. Na baada ya kuskani, negativu msizitupe. Skani yako ni ya kifaa cha leo. Negativu iliyo baridini itaweza kuskaniwa tena na kifaa cha mwaka 2060.

Wenye studio, neno lenu. Picha za karatasi ziko kwa familia, lakini negativu mara nyingi zilibaki kwenu. Studio ikifungwa, za nyeusi na nyeupe ziliweza kuuzwa kwa wanaotoa fedha, za rangi hazina fedha ndani, zinaishia jalalani. Mimi naamini negativu za studio ya mtaa ni mali ya mtaa kwa maana ya kumbukumbu, hata kama kisheria ni zenu. Kabla ya kutupa, itangazeni msikitini na kanisani, watu waje wachukue au wachangie kuhifadhi. Na kama siku zile dawa ya mwisho, ile ya kuimarisha yenye fomalini, ilirukwa au ikaongezwa maji ili ifike mwisho wa mwezi, mnazijua negativu hizo ni za miaka ipi. Zitangulizeni, maana bila dawa ile majenta yake inakwenda haraka kuliko kawaida. Hakuna anayekuja kudai. Tunataka kujua tuanze wapi.

Maana hatutaweza zote, tukubaliane. Nitakavyopanga mimi ni hivi. Kwanza zenye harufu ya siki: zitengwe na nyingine leo hii, ziskaniwe mwezi huu, kisha ziende friza hata kama zimekwisha jikunja kidogo. Pili, slaidi na negativu za rangi za kabla ya mwaka 1985 hivi, ambazo hazijanuka bado. Hizo baridini moja kwa moja, skani ifuate utakapopata nafasi. Tatu, picha za karatasi ambazo negativu yake imepotea, kwa sababu pale hakuna asilia nyingine. Za miaka ya tisini na kuendelea karatasi zake ni imara zaidi, zinaweza kusubiri kwenye boksi kavu. Nyeusi na nyeupe zingojee kuliko zote, ila zikinuka siki nazo ziingie kundi la kwanza.

Na wakati mifuko inafungwa, wakalisheni wazee karibu, simu ikiwa inarekodi sauti, mkiwauliza majina ya watu waliomo mmoja mmoja kutoka kushoto. Meza ya mwanga imeshawashwa upande ule, na glavu zipo. Walioleta makopo yao, anzeni kwa kuyafungua na kuyanusa.